Goti la Mwalimu na vilima vya Granada: je, baiskeli ya umeme inafaa?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Tanga, nina miaka 61. Binti yetu anafanya kazi Madrid na ametualika mimi na baba yake mwezi wa nne. Anataka kutupeleka Granada, kusini mwa Hispania, na ameshaona ziara ya baiskeli za umeme yenye mwongozaji, ya muda wa saa tatu hivi. Enzi zangu nilikuwa naenda kufundisha kwa baiskeli, ila nimeiacha siku nyingi na goti la kulia linanisumbua kwenye ngazi. Baba yao hajui baiskeli kabisa. Naomba kuuliza: hiyo baiskeli inajiendesha yenyewe kama pikipiki? Ni salama kwa mtu wa umri wangu? Na kwa saa hizo tatu tutakuwa tumeiona Alhambra, ile ngome na kasri za masultani, maana hiyo ndiyo ninayoifuata?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Naomba nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine. Hapana, ziara ya baiskeli haiingii Alhambra. Itakuonyesha Alhambra ukiwa kilima cha ng'ambo, na kusema kweli kwa nje huko ndiko inakotazamika vizuri zaidi. Ndani mnaingia kwa miguu, kwa tiketi yake na kwa saa yake. Nimeona wageni waliolipia baiskeli wakiamini wamelipia vyote viwili, wakaja kujua hivyo wako getini na tiketi za siku hiyo zimekwisha. Kwa hiyo gawanyeni: baiskeli iwe ya mji, Alhambra iwe na nusu siku yake peke yake. Nitairudia.

Na ziara ya baiskeli nakushauri uichukue, kwa sababu hiyo hiyo ya goti.

Tanga kila mtu ana baiskeli kwa kuwa mji ni tambarare. Unatoka Chumbageni mpaka Raskazone hukutani na mlima wa kukutoa jasho. Granada imekaa kwenye vilima, karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Katikati umepita mto mdogo, Darro. Ukiwa unaelekea unakotoka mto huo, mkono wa kulia una kilima cha Sabika, ambacho juu yake ndiko iliko Alhambra. Mkono wa kushoto una kilima cha Albaicín, mtaa mkongwe wa enzi za Waislamu. Nyuma ya yote hayo imesimama Sierra Nevada, na kilele chake cha Mulhacén kina mita 3,479. Mwezi wa nne theluji bado iko juu. Albaicín ni mtaa wa vichochoro, kuta nyeupe, ngazi na mawe. Kwa miguu, mtu mwenye goti bovu hufika juu akiwa anatafuta pa kukaa, na mwongozaji anaeleza mambo mazuri hayasikii. Watu hudhani mota ni ya kukimbia. Mimi naona faida yake kubwa ni kwamba unafika juu ukiwa bado una pumzi ya kuuliza maswali.

Haijiendeshi, na si pikipiki. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya mota yake haizidi wati 250, inasaidia pale tu unapokanyaga pedali, na mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa inakata msaada. Kuanzia hapo ni miguu yako. Ndiyo maana Hispania inaihesabu kuwa baiskeli tu, haidaiwi leseni wala namba. Kwenye usukani kuna vitufe vya kuongeza na kupunguza msaada. Nyingi zina kitufe kingine cha kukusaidia kuikokota ukiwa unatembea, mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Hicho hakikisha umeonyeshwa kabla hamjaondoka. Baiskeli hizi zina kilo 20 hadi 25, haziko mbali na Phoenix ya zamani yenye keria, na kuisukuma mlimani juu ya mawe bila mota ni kazi ya kijana.

Kuna tofauti moja ya kiufundi ambayo binti yako aiulizie, maana kampuni nyingi haziitaji. Baiskeli nyingine zina kihisio kinachopima nguvu ya mguu: ukikanyaga taratibu, inakusaidia taratibu. Nyingine zinahisi tu kwamba pedali inazunguka, basi zinasukuma. Hizi huchelewa kidogo kisha huchomoka. Barabara kuu huoni tofauti. Kwenye kichochoro chenye kona kali na ukuta kila upande utaiona. Kwa kawaida baiskeli yenye mota katikati, pale penye pedali, ni ya aina ya kwanza. Ile yenye mota kwenye kitovu cha gurudumu mara nyingi ni ya pili. Kwa mtu anayerudi kwenye baiskeli baada ya miaka, mimi ningeng'ang'ania ya kwanza.

Hata hiyo ya kwanza ina adabu zake. Ukiwa umesimama, usiupumzishe mguu kwenye pedali huku msaada umewashwa, itajirusha mbele. Shika breki zote mbili, panda, weka giya nyepesi, pedali moja iwe juu kwa mbele, ndipo uachie breki ukanyage. Rudia hilo mara kadhaa mahali tambarare kabla ya safari. Mwongozaji anayekupa baiskeli na kukuingiza mtaani palepale, bila hata kukuzungusha uwanjani, huyo mrudishie baiskeli yake.

Sasa goti. Wanaotaka kukusaidia watakushushia siti mpaka miguu yote miwili ikanyage chini. Kwa mazoezi ya mwanzo ni sawa. Lakini siti ya chini hulikunja goti sana kila mzunguko, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Ukishazoea, omba ipandishwe mpaka pedali ikiwa chini kabisa mguu wako ubaki umekunjika kidogo tu. Omba fremu ya kike, ile isiyo na bomba la juu, uweze kushuka haraka bila kurusha mguu. Tumia giya nyepesi, miguu izunguke upesi upesi badala ya kusukuma kwa nguvu. Goti linalolalamika kwenye ngazi mara nyingi huvumilia baiskeli vizuri, lakini kama kuna daktari analiangalia, yeye aseme kwanza.

Kuhusu usalama, wengi huogopa kupanda. Wewe ogopa kushuka. Mteremko wa Albaicín umewekwa mawe madogo ya mtoni, meusi na meupe, yamepangwa kwa nakshi kama mkeka, na miguu ya watu imeyasugua mpaka yanang'aa. Yakilowa yanateleza. Halafu kuna jambo ambalo mwongozaji wa Kihispania hatakuambia kwa sababu halijui: kule breki ya mbele iko mkono wa kushoto, ya nyuma mkono wa kulia. Pikipiki zote, pamoja na baiskeli za mtindo wa Kiingereza, zina breki ya mbele mkono wa kulia. Mkono una kumbukumbu yake. Ukishtuka kwenye mteremko ukabana upande uliouzoea ukidhani ni nyuma, kumbe ni mbele, gurudumu la mbele linafunga. Tena breki zenyewe ni za diski zenye mafuta, zinashika kwa vidole viwili tu. Si zile za vyuma za zamani za kubana kwa mkono mzima. Zijaribu zote mbili, moja moja, ukiwa kwenye tambarare, ujue kila mkono unashika gurudumu gani. Na kumbuka magari yanapita kulia. Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Kinshasa hawana shida na hilo; sisi wa Tanga na Mombasa ndio tunaotazama upande usio sahihi kabla ya kuvuka.

Ukiona mteremko unakutisha, shuka, ikokote. Si aibu, na mwongozaji mwenye akili atashuka pamoja nawe. Kofia ngumu vaa, ingawa ndani ya mji sheria inawalazimisha walio chini ya miaka 16 tu.

Njia za ziara hizi zinafanana. Nyingi huanzia karibu na Plaza Nueva na kufuata Carrera del Darro, barabara nyembamba iliyobanwa kati ya mto na kuta za zamani. Hapo hamkimbii: watembea kwa miguu, teksi na mabasi madogo vyote vinagombea nafasi moja. Mwombe mwongozaji asimame kwenye Bañuelo, hamamu (nyumba ya kuogea ya umma) ya kale kuliko kasri za Alhambra. Dari lake limetobolewa matundu ya umbo la nyota ili mwanga uingie na mvuke utoke. Hamamu hilo lilisalimika kwa kuwa watu walijenga nyumba juu yake na kulifanya mahali pa kufulia nguo, wakati mahamamu mengi ya mji yalibomolewa baada ya ushindi wa Wakristo. Ziara nyingi zinalipita hivi hivi, kwa kuwa kuingia ni kuegesha baiskeli. Ukibaki na muda kesho yake, rudi kwa miguu. Pale ni tambarare.

Ukiwa hapo bondeni, inua macho mkono wa kulia uitazame Alhambra iliyo juu. Swali ambalo mwalimu wa historia atajiuliza ni maji yalifikaje kule. Wafalme wa nasaba ya Nasri, waliotawala kuanzia 1238, waliyachota Darro mbali huko juu, pale ambapo mto wenyewe uko usawa wa juu kuliko kilima, wakayaleta kwa mfereji wa takriban kilomita sita uliochimbwa ubavuni mwa mlima, ukishuka kidogo kidogo. Chemchemi zote unazoziona kwenye picha, pamoja na ile inayobebwa na simba 12 wa mawe, zilitegemea mfereji huo. Na huku Albaicín kila mtaa ulikuwa na birika lake la chini ya ardhi, la matofali, mara nyingi ubavuni mwa msikiti. Zaidi ya 20 bado zipo. Ukizijua sura zao, mlango mdogo wa tao la matofali ukutani, utaanza kuziona mwenyewe kila kona, na mimi huwa nawashindanisha wageni nani ataona nyingi.

Kutoka hapo mnapanda Cuesta del Chapiz. Huo ndio mlima wa kwanza wa kweli, na ndipo utakapoishukuru betri. Ongeza msaada kabla ya kuuanza, si katikati. Juu njia inagawanyika: kushoto Albaicín, kulia Sacromonte.

Sacromonte wengi huijua kwa mapango ya Wagitano (Waroma wa Hispania) na ngoma zao za flamenko, na usiku kuna mapango yanayotoza kiingilio. Wenyeji wengi walihamishwa baada ya mafuriko ya 1963, kwa hiyo sehemu ya unachokiona ni maisha na sehemu ni biashara. Mimi kinachonivuta ni kisa cha abasia, kanisa na makao ya mapadri, iliyoko mwisho wa barabara. Mwaka 1595 yalianza kuchimbuliwa kilimani hapo mabamba ya madini ya risasi yenye maandishi ya Kiarabu, yaliyodai kuwa ya Wakristo wa kwanza kabisa, Waarabu, wa enzi za mitume. Mji ulishangilia, abasia ikajengwa. Kumbe yalikuwa ya kughushi. Wanahistoria wengi wanaamini waliotengeneza ni Wamorisko, yaani Waislamu waliolazimishwa kubatizwa na vizazi vyao, waliotafuta njia ya kuonyesha kwamba Kiarabu si lugha ya adui, kwamba Ukristo wenyewe wa Granada uliandikwa kwa Kiarabu. Vatikani ilitamka mwaka 1682 kwamba ni uongo. Mwongozaji akikupeleka Sacromonte akakuonyesha mapango tu, muulize kuhusu mabamba ya risasi. Jibu lake litakuambia umempata mwongozaji wa aina gani.

Mkirudi Albaicín mtapita Plaza Larga, penye soko dogo la mboga, na kando yake lango la karne ya 11 liitwalo Arco de las Pesas. Litazame vizuri ukutani: yamepachikwa mawe ya mizani waliyonyang'anywa wafanyabiashara waliopunja wateja. Hapo mnashuka na kukokota. Jirani kuna kanisa la San Salvador, lililokaa mahali pa msikiti mkuu wa Albaicín. Ua wa msikiti bado upo, na matao yake. Dakika chache mbele ndiyo Mirador de San Nicolás, kibaraza ambacho kila picha ya Alhambra unayoijua imepigwa hapo.

Na kando ya kibaraza hicho hicho kuna msikiti, Mezquita Mayor, uliofunguliwa Julai 2003. Ndio wa kwanza kujengwa Granada kwa ajili hiyo baada ya zaidi ya miaka 500. Bustani yake hufunguliwa kwa wageni, Alhambra inaonekana vilevile kama kibarazani, na watu ni wachache. Ukitaka kuwahi swala, mwambie mwongozaji mapema apange kituo. Wengi wao hawana neno.

Sasa nikupe kitu ambacho hakimo kwenye ziara yoyote niliyoiona. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, yule yule uliyewafundisha watoto kwamba alilala usiku mmoja Mombasa kisha akafika Kilwa mwaka 1331, karibu mwaka 1350 alifika Granada. Sultani Yusuf I alikuwa mgonjwa, hawakuonana, ila mama yake sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Kwenye bustani moja ya mji huo alikutana na kijana msomi, Ibn Juzayy, aliyekaa akimsikiliza akisimulia safari zake. Miaka michache baadaye walikutana tena Fez, na huyo Ibn Juzayy ndiye aliyepewa kazi na sultani wa Moroko kuyaandika masimulizi yote, akamaliza mwaka 1355. Maana yake yale tunayoyasoma kuhusu sultani mkarimu wa Kilwa na nyumba za mji wake yamepita kwenye kalamu ya mtu wa Granada. Ukiwa San Nicolás na unaitazama Alhambra, sehemu kubwa ya unachokiona ilijengwa karne hiyo hiyo ambayo Kilwa ilikuwa na jumba la Husuni Kubwa, pamoja na birika lake la pembe nane la kuogea. Mwambie mwongozaji hivyo, umwone atakavyokutazama.

Jambo jingine la kumpima mwongozaji ni namna anavyosimulia 1492. Wengi husimulia kwamba tarehe 2 Januari mwaka huo Muhammad XII, sultani wa mwisho wa Granada, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alikabidhi funguo kwa Isabel na Fernando, malkia na mfalme Wakristo, akaondoka, akageuka nyuma mlimani akalia, mama yake akamkaripia. Kisa hicho cha machozi ni hekaya, na kinafaa kwa kupiga picha. Kilichokuja baadaye hakipigiwi picha. Mkataba wa Novemba 1491 uliwahakikishia Waislamu dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Mwaka 1499 akaja askofu mkuu Cisneros, akaanza kubatiza watu kwa nguvu na kuchoma vitabu vya Kiarabu. Albaicín hii hii ikainuka. Kufikia 1501 mkataba ulikuwa karatasi tu. Mwaka 1567 wakapigwa marufuku lugha na mavazi yao, mwishoni mwa 1568 wakaasi, na vita vilipokwisha mwaka 1571 Wamorisko wa Granada walikuwa wametawanywa Kastilia. Kati ya 1609 na 1614 Hispania yote ikawafukuza. Mwongozaji anayeishia kwenye machozi ya mlimani amekukatia hadithi nusu, na wewe umelipa nzima. Ila umuulize kwa upole. Wapo wanaoyajua yote haya na hawayasemi kwa sababu kundi lililopita lilitaka kujua tu pa kula.

Kuhusu saa ya kwenda, kuna mvutano. Mwanga mzuri ni wa jioni: jua linapozama upande wa magharibi kuta za Alhambra zinageuka nyekundu, na San Nicolás hujaa watu mpaka huna pa kuweka gurudumu. Asubuhi jua linakuja kwa nyuma, picha hazipendezi sana, lakini vichochoro ni vyako. Kwa mtu anayejifunza upya baiskeli sina shaka: chukua ziara ya asubuhi, ujifunzie kwenye nafasi, halafu jioni rudini San Nicolás kwa basi mtazame jua. Mwezi wa nne hali ya hewa ni nzuri, ingawa mvua hunyesha na asubuhi ina baridi ya kuwashangaza watu wa pwani. Beba koti na glavu nyepesi, vidole vikifa ganzi breki hazishikiki. Julai na Agosti ningekukataza kabisa saa za mchana. Na angalieni kalenda: kama mtaangukia juma linaloishia Pasaka, maandamano ya kidini hufunga mitaa, ziara hubadilishwa njia na vyumba vya hoteli hupanda bei.

Chakula kwa kifupi. Granada ukiagiza kinywaji, hata soda, huletewa sahani ndogo ya chakula bila malipo. Mara nyingi ni nyama ya nguruwe. Sema mapema "sin cerdo", wataleta samaki, yai au viazi. Sheria ya ulevi barabarani inawahusu waendesha baiskeli pia, kwa wale wa kundi lenu watakaotaka mvinyo kabla ya kupanda.

Kabla ya kulipa, binti amuandikie mwenye kampuni na kumuuliza haya: kundi lina watu wangapi kwa mwongozaji mmoja (wakizidi wanane, wa nyuma hasikii kitu wala haonekani akianguka); mnateremka kwa njia gani; mtu akishindwa katikati inakuwaje; na mwongozaji ana kibali cha serikali ya jimbo la Andalusia au ni wa kuongoza baiskeli tu. Asiye na kibali anaweza kuwa mzuri sana barabarani, ila haruhusiwi kuwaelezea ndani ya majengo ya kihistoria. Swali la njia ya kuteremkia ndilo muhimu. Nyingi hushuka kwa Cuesta de la Alhacaba, barabara iliyonyooka kando ya ukuta wa karne ya 11 mpaka Puerta de Elvira. Ni mteremko, lakini unaona mbele. Akijibu kwamba mnashuka kwa vichochoro "kwa sababu vinavutia zaidi", mwambieni nyinyi mtakokota. Bima ya safari mliyonunua kwa ajili ya viza ya Schengen, ile ya kuanzia yuro 30,000, isomeni kama inafunika ajali ya baiskeli. Nyingine haziifuniki.

Kama baada ya kusoma yote haya unaona tatizo lako ni kuimudu baiskeli kuliko vilima, basi mwambie binti awapeleke Sevilla badala yake, au baada yake. Sevilla ni tambarare kama kwenu, ina zaidi ya kilomita 100 za njia za baiskeli zilizotengwa na magari, na hata baiskeli isiyo na mota inatosha.

Kwa Alhambra nunueni tiketi wiki nyingi kabla, kwenye tovuti rasmi ya Patronato de la Alhambra, taasisi inayoisimamia, kwa majina na namba zile zile zilizo kwenye pasipoti, na pasipoti zenyewe mwende nazo. Tiketi ya jumla ina saa maalumu ya kuingia kasri za Nasri. Mkichelewa nafasi imepotea, hata kama mmeshaingia bustanini. Kutoka geti kuu mpaka mlango wa kasri hizo ni mwendo wa kama robo saa, kwa goti lako weka nusu saa. Isiwe siku moja na baiskeli. Kutoka Madrid kuna treni ya kasi tangu 2019, mwendo wa saa tatu na kitu, kwa hiyo siku mbili za kulala Granada zinatosha kwa yote.

Mzee msimlazimishe baiskeli, na msimwache hotelini. Wakati nyinyi mnaondoka na mwongozaji, yeye apande basi dogo namba C31 hapo Plaza Nueva, linapanda mpaka Albaicín. Ashuke San Nicolás, atafute kiti cha jua bustanini au kwenye mkahawa wa jirani, aagize chai. Kubalianeni na mwongozaji saa ya kufika kibarazani, kwa kawaida ni kama saa moja na nusu baada ya kuanza, na binti ampe baba yake simu yenye laini ya kule. Mkimaliza yeye anashuka kwa basi lile lile. Asipoipenda Albaicín, basi namba C30 linampeleka mpaka lango la Alhambra, na kuna sehemu za nje, kama jumba la Carlos V, zinazoingilika bila tiketi ya kasri.